Hilali za ubao wa Mamari: je, kuhesabu kunatosha kuisoma rongorongo?

SWALI: "Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikichunguza picha ya ubao wa Mamari kutoka Kisiwa cha Pasaka, wenye maandishi ya rongorongo ambayo hayajasomwa na mtu hadi leo. Nimesoma kwamba sehemu yake ni kalenda ya mwezi yenye usiku 30. Lakini kila nikihesabu hilali napata 45, mara nyingine 47. Nikiziacha ndogo na zile zilizogandana na alama nyingine, napata 36. Sasa 36 mara 10 ni 360, na samaki 5 wanatimiza 365. Naona hii ni kalenda ya jua, na alama zinazobaki ni majina ya miezi. Kinachonichanganya ni kwamba samaki wengine wananitazama juu na wengine chini bila mpango. Mpwa wangu aliiweka picha kwenye programu ya akili mnemba ikatoa tafsiri nzima, kama wimbo wa mavuno. Je, tumefumbua? Tuipeleke wapi?"

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hesabu zako za kwanza kwa sababu ndizo zenye mali. 45 na 47 ulizipata kwa halali, ila umehesabu vitu vitatu kwa jina moja. Sehemu hiyo ya kalenda ina hilali 29 zinazoelekea upande mmoja, ambazo ndizo usiku wa mwezi. Kuna nyingine zinazoelekea upande wa pili, mbili mbili katika mafungu manane ya alama yanayojirudia, jumla 16. Kisha kuna mbili ndogo, nusu ya ukubwa wa wenzake, zilizochongwa juu kidogo ya mstari. 29 na 16 ni 45. Ongeza zile ndogo mbili, unapata 47. Jicho lako liko sawa. Tatizo linaanzia pale ulipozitupa baadhi ili upate 36.

Kwa hiyo hapana, hamjaifumbua. Na hata waliotambua kalenda hiyo hawajaifumbua, jambo ambalo makala nyingi hulipitia juujuu. Sehemu ya Mamari tunajua inafanya kazi gani, lakini hatuwezi kuitamka. Mtu asiyejua Kiarabu akionyeshwa jedwali la nyakati za swala lililobandikwa ukutani, lenye safu tano na mistari 30, ataweza kukisia ni ratiba ya nini bila kusoma neno hata moja. Kwa rongorongo tumefika hapo tu, na ni kwenye mistari michache ya ubao mmoja.

Turudi kwenye kitu chenyewe. Mamari, ambao wataalamu huuita ubao C, una urefu wa sentimita 29, upana wa 19.5 na unene wa 2.5. Umechongwa kwenye mti wa makoʻi, wa ukoo mmoja na mtakawa wa pwani zetu, na uko Rome kwenye shirika la kitawa la Mioyo Mitakatifu. Una mistari 14 kila upande na alama zipatazo 1,000. Vitu vyote vyenye maandishi haya vilivyosalia duniani ni dazeni mbili na kitu, vyenye alama kama 15,000 kwa jumla, na hakuna hata kimoja kilichobaki kisiwani. Orodha ya herufi A, B, C na kuendelea ilipangwa na Mjerumani Thomas Barthel katika kazi yake ya mwaka 1958, naye ndiye aliyezipa alama namba. Hilali ni 040 na 041, ndege wa baharini mwenye mabawa marefu ni 600, samaki ni 700. Ukiona "Ca6", maana yake ni ubao C, upande a, mstari wa 6. Kalenda inaanzia hapo Ca6 na kuishia Ca9.

Suala la samaki wako linatatuliwa na namna ya kusoma. Mistari ya rongorongo inaanzia chini kushoto. Unasoma kwenda kulia, ukifika mwisho unaugeuza ubao wote juu chini, kisha unasoma tena kutoka kushoto kwenda kulia. Ni kama ng'ombe wa plau anavyogeuka mwisho wa shamba, isipokuwa hapa kila tuta linalofuata limelala kichwa chini. Ukitazama picha ya ubao bila kuuzungusha, nusu ya mistari unaiona imepinduka, na samaki waliomo wamepinduka nayo. Chapisha picha, kata kila mstari kwa mkasi, zungusha mstari mmoja ukiacha mmoja, halafu ubandike kwa mfuatano. Vurugu ya samaki itakwisha mara moja. Utakuta kwamba mafungu manne yaliyo kabla ya alama kubwa ya katikati yana samaki mwenye kichwa juu, na mafungu manne yaliyo baada yake yana samaki mwenye kichwa chini.

Alama hiyo ya katikati ndiyo mwezi mpevu, na pamoja na zile hilali 29 inatimiza usiku 30. Inaonyesha mtu aliyeketi, na inalingana na usemi wa Rapa Nui, kama wenyeji wanavyokiita Kisiwa cha Pasaka, te nuahine kā ʻumu ʻa rangi kotekote, yaani bibi kizee anayewasha tanuri la ardhini mbinguni, ambaye watu wa kisiwa humwona kwenye uso wa mwezi. Samaki anapanda mwezi ukikua, anashuka mwezi ukipungua. Hapa nikuonye juu ya mtego mwingine: hilali za usiku zote zinaelekea upande uleule, kabla na baada ya mwezi mpevu. Kwa hiyo usijaribu kutambua mwezi unaokua au unaofifia kwa kuangalia hilali imefungukia wapi. Rapa Nui iko nyuzi 27 kusini mwa ikweta, mwezi mchanga huko hung'aa upande wa kushoto, wakati sisi wa karibu na ikweta mara nyingi tunauona umelala kama mtumbwi. Mchongaji hakuwa anachora mbingu. Alikuwa anahesabu.

Sasa kwa nini tuamini kuwa ni kalenda, na tusiamini 365 yako? Namba 30 peke yake haithibitishi chochote. Fikiria namba kuanzia 1 hadi 30. Ngapi kati ya hizo zinaweza kupewa maana ya kalenda? 4 kwa majuma ya mwezi, 7, 12, 13, 14, 15, 27, 28, 29, 30. Hizo tayari ni kumi, theluthi moja ya zote. Chukua rundo lolote la alama, hesabu kitu chochote ndani yake, na katika kila majaribio matatu utaangukia "kalenda" mara moja. Ukijiruhusu na kuzidisha, na kuacha alama usizozipenda, na kuongeza samaki watano kati ya samaki wengi, hutakosa kufika 365 hata ukianza na orodha ya bei za sokoni.

Kilichomshawishi Barthel, na baada yake mwanaisimu Jacques Guy aliyechapisha uchambuzi wake mwaka 1990, ni mpangilio, na mpangilio huo unakubaliana na ushahidi uliotoka kwingine kabisa. Mwaka 1886 William Thomson, aliyefika na meli ya kivita ya Marekani iitwayo Mohican, aliandika majina ya usiku wa mwezi kama alivyotajiwa na wenyeji. Mwanaanthropolojia Alfred Métraux naye alikusanya orodha yake katika miaka ya 1930. Katika orodha hizo kuna usiku wenye majina yake: Ata, Ari, Maharu, Hua, Atua, Maure, Rakau, kisha Omotohi ambao ni mwezi mpevu, na baadaye Tapume, Matua, Orongo na wengineo. Lakini kuna usiku usio na jina la pekee, ambao unaitwa kokore na kupewa namba tu: kokore wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kabla ya mwezi mpevu wako sita. Baada yake wako watano.

Rudi sasa kwenye vipande vyako vya karatasi. Hilali saba kati ya zile za usiku zimeambatana na alama nyingine. Na kuna sehemu mbili ambako hilali zimesimama tupu, bila alama ya kuzisindikiza. Sehemu ya kwanza, mwanzoni mwa mstari wa 7, zipo sita. Sehemu ya pili, pale mstari wa 7 unapoingia wa 8, zipo tano. Sita kabla ya mwezi mpevu, tano baada yake, mahali palepale panapotajwa na orodha. Alama zinasindikiza hilali zenye jina tu, zisizo na jina hazina. Hilo ndilo fundo la ushahidi wote, na hesabu yako iliharibika kwa sababu hilali zilizogandana na alama ulizitupa, kumbe ndizo zilizokuwa zinazungumza.

Orodha zenyewe nazo si za kubuni kisiwani. Linganisha na Hawaii, mwendo wa maelfu ya kilomita: Wahawaii wana usiku wa Mohalu, Hua, Akua na Hoku kwa mfuatano, Rapa Nui kuna Maharu, Hua, Atua na Hotu. Mwisho wa mwezi Hawaii kuna Mauli na Muku, Rapa Nui kuna Mauri na Omutu. T ya huku ni K ya kule, R ya huku ni L ya kule, kama vile njoo ya Unguja ilivyo ndoo ya Mvita. Hata kokore ana ndugu zake: ʻole kwa Kihawaii, korekore kwa Kimaori, na maana ya msingi ni "hakuna". Usiku usio na kitu. Mfuatano wa namna hii, uliohifadhiwa katika lugha zilizoachana karne nyingi zilizopita, ni mzani wa kuaminika kuliko jumla yoyote ya hesabu.

Bado hujauliza hilali mbili ndogo ni za nini, lakini nadhani ungeuliza. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni wastani wa siku 29.53. Kila anayefunga Ramadhani anaijua adha ya hiyo nusu siku, mwezi mmoja mpungufu wa siku 29, mwingine kamili wa siku 30. Watu wa Rapa Nui walikuwa na usiku 28 wa kudumu na mwingine miwili ya akiba, Hotu na Hiro. Mwezi wa siku 29 unahitaji usiku mmoja wa nyongeza, wa siku 30 unahitaji miwili. Mwishoni mwa kalenda ya Mamari, baada ya fungu lililorefushwa, kuna hilali mbili zilizotengwa peke yake, na hizo zinachukuliwa kuwa ndiyo akiba.

Ugumu ni pale unapohitaji usiku mmoja tu. Uuweke kabla ya mwezi mpevu au baada? Mwezi hauendi kwa kasi moja. Njia yake kuizunguka dunia ni yai, si duara, na ukiwa mbali unakwenda polepole. Ndiyo maana kutoka mwezi mwandamo hadi mpevu huchukua karibu siku 14 mara nyingine, na mara nyingine siku 15 na nusu. Mwezi ukiwa mbali katika nusu ya kwanza, upevu unachelewa, na usiku wa nyongeza lazima uingie kabla ya Omotohi, la sivyo "mwezi mpevu" wa kalenda utakuja kabla ya ule wa mbinguni. Guy alipendekeza kwamba hilali mbili ndogo, zilizokaa kabla ya usiku wa sita kuelekea mwezi mpevu na wa sita baada yake, zinamwambia mtazamaji: kama mwezi unaonekana mdogo hapa, ongeza usiku. Ile ya kwanza inaangukia kweli mahali ambapo Thomson na Métraux waliandika Hotu.

Maoni yangu: wazo hilo ni zuri lakini ndilo kiungo dhaifu kuliko vyote. Mwezi wa karibu kabisa na wa mbali kabisa hutofautiana upana kwa kama asilimia 14, tofauti ambayo macho matupu huikosa kwa urahisi bila kipimo, hata kama ni kijiti kilichoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Na wapo waliopinga. Uchambuzi uliotolewa na Gordon na Michael Berthin mwaka 2006 unasema maelekezo ya usiku wa nyongeza yako kwenye maandishi yanayofuata kalenda. Kwamba ni kalenda, hilo halina ubishi mkubwa. Jinsi ilivyorekebishwa, mjadala upo, na mtu mwenye subira kama wewe anaweza kuchangia hapo.

Kuhusu kalenda ya jua: mwaka wa zamani wa Rapa Nui unajulikana. Ulikuwa wa miezi 12 ya mwandamo, Anakena, Hora Iti, Hora Nui na kuendelea hadi Maro, na mwezi wa 13 uliongezwa pale ilipobidi, kwa sababu miandamo 12 ni siku 354 na upungufu wa siku 11 hivi kila mwaka ungewapoteza majira. Mwaka wa siku 365 uliogawanywa kwa 36 na 10 na kubakiza 5 ni wa Misri. Hakuna orodha yoyote kutoka kisiwani inayouunga mkono, na bila orodha ya nje huna mzani.

Programu ya mpwa wako isiwatie homa. Inajua kutunga sentensi nyororo, na itazitunga hata ukiipa picha ya zulia. Hakuna maandishi ya lugha mbili ya kuifunza, na alama 15,000 ni kidogo mno. Tena si mara ya kwanza. Kati ya 1869 na 1874 hivi, askofu wa Tahiti, Jaussen, alimpata mtu wa Rapa Nui aitwaye Metoro, akamwekea mbao nne aziimbe, Mamari ukiwa mmojawapo. Metoro aliimba kwa ufasaha, akitaja kila picha: mtu, ndege, mwezi. Alipofika kwenye kalenda aliipita bila kuitambua, hata mwezi mpevu hakuuona. Hakuwa tapeli, naona. Alieleza picha kwa sababu usomaji wenyewe ulikuwa umekatika. Mwaka 1862 na 1863 meli za watumwa kutoka Peru zilichukua watu wapatao 1,500, wenye elimu wakiwamo, na ndui iliyorudi na wachache walionusurika ikamaliza wengine. Mwaka 1877 kisiwa kizima kilikuwa na watu 111. Katherine Routledge, yuleyule ambaye yeye na mumewe walikaa na Wakikuyu nchini Kenya na kuandika kitabu juu yao mwaka 1910, alifika Rapa Nui mwaka 1914 akamkuta mzee Tomenika, mgonjwa wa ukoma, aliyekumbuka vipande tu. Mzee huyo alifariki muda mfupi baadaye.

Kama mnataka kuendelea, na ninatumaini mtaendelea, fanyeni hivi. Achaneni na picha moja ya intaneti. Tumieni michoro ya mistari ya Barthel na ile ya mtafiti Steven Fischer ya 1997 kwa pamoja, kwa sababu Barthel ana makosa na namba zake wakati mwingine huunganisha alama mbili tofauti. Pale wawili hao wanapotofautiana, wekeni alama ya kuuliza, msichague inayowafaa. Andikeni jedwali: safu ya namba ya alama, upande inaoelekea, ukubwa, kilichoshikana nayo, kilichoitangulia. Kanuni ya kuacha alama iandikwe kabla ya kuhesabu, itumike ubao mzima, na isibadilishwe katikati ya kazi.

Kisha fanyeni jaribio la kikapu. Andikeni kila alama ya mistari husika kwenye kikaratasi, vikorogeni, vipangeni upya bila kutazama, halafu tafuteni "kalenda" yenu kwa kanuni ileile. Rudieni mara 30; mwenye kompyuta anaweza kurudia mara 1,000. Kama kalenda inajitokeza mara kwa mara kwenye karatasi zilizokorogwa, basi inatoka kwenye kanuni yenu, haitoki kwenye ubao. Sita-kisha-mpevu-kisha-tano hupotea mara tu ukikoroga. 365 yenu, nina hofu, itabaki pale pale.

Jaribio la mwisho ni gumu zaidi. Mbao H, P na Q zina maandishi yanayokaribia kuwa yaleyale, jambo ambalo mwanafunzi wa Leningrad, Boris Kudryavtsev, aliligundua kabla ya kufa katika Vita vya Pili vya Dunia. Ukidai alama fulani ina maana fulani, lazima maana hiyo isimame kwenye nakala zote tatu, hata pale mchongaji mmoja alipobadilisha alama na mwenzake.

Mkifika mahali ambapo mpangilio umevuka majaribio yote hayo, hapo kuchungulia picha hakutoshi tena. Mtafuteni ana kwa ana mtaalamu wa isimu ya lugha za Polinesia, wa chuo kikuu chochote kinachozifundisha, kwa sababu sarufi ndiyo itakayowaangusha kwanza. Jumba la makumbusho la Padre Sebastián Englert huko Hanga Roa lina maktaba na watu wanaokizungumza Kirapanui tangu utotoni, na swali lolote kuhusu majina ya usiku liwafikie wao kabla ya mtu mwingine. Kwa umbo la mchongo wenyewe, timu ya Silvia Ferrara ya Chuo Kikuu cha Bologna ilipima mbao nne za Rome. Ndiyo iliyotangaza mwaka 2024 kwamba mti wa ubao D ulikatwa kati ya 1493 na 1509, na miti ya mbao tatu nyingine ni ya karne ya 19. Hiyo ni tarehe ya mti, si ya mchongo. Mti mkavu unaweza kukaa miaka kabla ya kuchongwa. Msipeleke kazi kwa jarida linalodai pesa kabla ya kuisoma, na mtu akija kuwauzia ubao "halisi", jueni kwamba halisi zote zimeorodheshwa na mahali zilipo panajulikana.

Mkiandika, tumeni jedwali na kanuni yenu kwenye ukurasa mmoja, na tafsiri muiweke kando. Anayeijua kazi hii ataanza kusoma safu ya "kilichoshikana nayo", na hapo ndipo atakapowauliza zile hilali saba mlizipeleka wapi.